Dawa ya moyo na filme ya mwalimu anayeosha magari

Mumezoea nikiwaletea habari za barabara, bei ya unga na watu wanaohama. Leo habari ni yangu mwenyewe, kwa sababu ninajua siko peke yangu.

Januari 2025 vita iliingia katika muji wa Goma. Februari, kambi za Bulengo na Lushagala zikavunjwa, na watu wakabeba tena mizigo yao. Muchana nilihoji watu, usiku sikulala. Mulango wa jirani ukipigwa na upepo, moyo wangu uliruka. Chakula hakikuwa na ladha. Ukurasa mumoja ulinichukua saa nzima. Watoto wa dada yangu wakicheka, niliwaangalia tu.

Watu walinishauri. Mumoja alisema nimelogwa. Mwingine alisema niombe zaidi. Ninaomba hata leo. Lakini munganga aliuliza maswali mepesi: Unalala saa ngapi? Unakula? Kuna siku unatamani kufa? Kisha akasema huu ni ugonjwa wa kushuka moyo, hauko wazimu, na uko na dawa. Akaniandikia fluoxetine, kidonge kimoja kila asubuhi.

Alinieleza mambo matatu ambayo ningependa kila familia iyajue. La kwanza, dawa hii haifanyi kazi siku ile ile. Inaomba wiki mbili, ine, mara zingine hata zaidi. La pili, mwanzoni inaweza kuleta kichefuchefu ao kuumwa kichwa, na mugonjwa akisikia mawazo ya kujiumiza yanazidi, arudi kwa munganga mbio. La tatu, ukisikia vizuri usiikate. Kwa kawaida inaendelea miezi sita ao zaidi kisha kupata nafuu, halafu munganga anaipunguza polepole. Haiko sawa na Valium ambayo wengine wananunua wenyewe ili walale, na ambayo mwili unaizoea haraka. Na dawa ya mumoja haigawanywe na jirani.

Wiki ya kwanza tumbo lilinisumbua. Wiki ya ine nililala mpaka jogoo akawika. Sikulewa, sikucheka ovyo. Dawa haikurudisha hata nyumba moja ya Masisi, na huzuni ya kweli ingali pale. Lakini kelele ndani ya kichwa ilishuka, nikaweza kukaa kimya bila kuogopa kimya.

Ndipo kijana mumoja wa kartie yetu akaniletea flashi yenye filme ya vipande 62, Breaking Bad, katika Kifaransa. Ilionyeshwa Marekani toka 2008 mpaka 2013. Ni habari ya Walter White, mwalimu wa kemia katika muji wa Albuquerque. Mushahara hautoshi, basi kisha masomo anaenda kuosha magari. Hapa kwetu hilo halishangazi mutu! Kisha wanamwambia ana kansa ya mapafu, naye anaanza kupika dawa za kulevya ili aachie familia pesa. Kutoka hapo ni giza juu ya giza: uongo unakula nyumba yake, na watu wanakufa.

Rafiki aliniuliza: “Wewe uliyekimbia masasi, unatafuta nini katika filme kama hiyo?” Nilifikiri sana. Mbele ya dawa, risasi moja ya filme ingenitosha kutoka inje. Sasa ninajua woga ule ni wa nani. Ni wa Walter, si wangu, na kifungo cha kusimamisha kiko mukononi mwangu. Tena, ugonjwa huu unaiba neno kesho. Usiku ule umeme ulipokatika katikati ya kipande, nilikasirika: nilitaka kujua kesho itakuwaje. Ilikuwa miezi mingi sijataka kujua kesho.

Simwambii kila mutu atazame filme za namna hiyo. Aliyeona ndugu yake akiuawa anaweza kuumizwa tena nazo, na watoto zisiwafikie. Kwa mama mumoja jirani yangu, utulivu unapatikana kwenye mazoezi ya kwaya. Kila mutu na fasi yake.

Lakini kama wiki mbili zimepita hulali, huli, na hakuna kitu kinachokufurahisha, nenda uulize kwenye kituo cha afya kilicho karibu. Hapa Goma kituo cha Tulizo Letu, na kule Bukavu SOSAME, vinajulikana kwa kutunza wagonjwa wa namna hii. Mupeleke na ndugu aliyenyamaza ndani ya hema. Musimwite mwenda wazimu.

Mimi niko kwenye kipande cha 41. Ukinikuta njiani, tafazali usinielezee mwisho.