Jumamosi ya Mpira Baton Rouge, na Sufuria Tuliyotengewa



Leo tunakuleteeni habari za mbali kidogo. Kazi yetu ya hina na mapambo ilitufikisha Baton Rouge, mji mkuu wa jimbo la Louisiana, kusini mwa Marekani, kando ya mto Mississippi. Tulikuwa watatu, sisi dada wawili na kaka yetu aliyetusindikiza. Bibi harusi ni binti wa Kizanzibari aliyekulia huko na kusoma chuo kikuu cha hapo hapo, Louisiana State University, ambacho wenyewe wanakiita LSU tu.

Kule, mtu akitaka kufunga harusi kati ya Septemba na Novemba, kabla ya kuulizia ukumbi anatazama kwanza ratiba ya mpira wa chuo. Mechi ni Jumamosi. Timu ikicheza nyumbani, hoteli zinajaa, bei zinapanda, njia zinaziba, na nusu ya waalikwa wako uwanjani. Kwa hiyo wazee wakaweka nikaha Jumapili. Hina tukatia Ijumaa usiku, na Jumamosi tukawa hatuna kazi. Shangazi yake bibi harusi akasema: "Wanangu, hamtokaa ndani. Jirani yangu ana hema karibu na uwanja, na ameshaniambia niwapeleke."

Mpira wenyewe si huu wetu. Ni ule wa Kimarekani, wa kushika kwa mikono na kukumbana. Kila upande una watu 11, na timu yenye mpira hupewa majaribio 4 ya kusogea yadi 10. Muda wa mchezo ni dakika 60, lakini kwa kusimama simama unapita saa tatu. Uwanja wa LSU ulifunguliwa mwaka 1924 na sasa unachukua watu 102,321, na wanaocheza ni wanafunzi wa chuo! Wanasimulia hadi leo kwamba Oktoba 1988, timu yao ilipofunga dhidi ya Auburn, kelele na mtikisiko wa watazamaji vilisajiliwa na kipimo cha matetemeko ya ardhi pale pale chuoni.

Lakini sisi tuliyoyapenda ni ya nje ya uwanja. Tangu asubuhi watu wanatandaza mahema, wanawasha majiko na kupanga viti. Kila kitu ni zambarau na dhahabu, rangi za chuo. Bibi wa miaka themanini na mtoto anayetambaa wamevaa sare moja. Ng'ambo ya barabara kuna chui milia wa kweli, jina lake Mike, anayefugwa kwenye eneo lake kubwa kama nembo ya timu. Jioni ikikaribia, bendi ya chuo inateremka kilimani kwa tarumbeta na ngoma, watu wamejipanga pande zote mbili. Mtu wa Unguja akisikia kwa mbali angesema beni la harusi linapita.

Sasa tuje kwenye sufuria. Chakula kikubwa cha Louisiana ni gumbo. Unga wa ngano unakaangwa kwenye mafuta taratibu, huku unakorogwa bila kuachwa, mpaka unageuka rangi ya chokoleti. Hapo wanatia kitunguu, selari na pilipili boga, kisha supu, kamba au kuku, na mara nyingi bamia. Kinaliwa kwa wali. Kuna na jambalaya, wali wa chungu kimoja wenye viungo, ambao ukiutazama unasema huyu ni binamu wa pilau.

Tatizo letu Waislamu ni kwamba soseji ya nguruwe iko karibu kila mahali. Iko kwenye gumbo, kwenye jambalaya, hata kwenye maharage mekundu yanayopikwa Jumatatu. Pengine nyama huioni, kumbe mafuta ya nguruwe yamekaangia. Na pombe kwenye mahema ni kama maji. Tulikwenda na wasiwasi, tukijisemea tutakunywa soda na kula ndizi.

Kumbe Shangazi alikuwa ameshazungumza na jirani wiki nzima kabla. Hakumwambia tu kwamba "hawa hawali nguruwe". Alimweleza kwa utulivu tunachokula, tusichokula, na kwamba kijiko kilichokoroga sufuria ile kisiingie hii. Tulipofika, yule mama wa Kimarekani mweusi, mtu mzima, alitushika mikono akatupeleka kwenye jiko la pembeni. Kulikuwa na sufuria ya gumbo ya kamba na bamia, imefunikwa. Akasema: "Hii ni yenu. Nimeitenga, na upawa wake nimeutenga. Mafuta ni ya mboga. Niulizeni mtakalo." Viti vyetu viliwekwa upande wa kina mama na watoto, mbali na makopo ya bia. Tulikula, tukaongeza, tukalamba vidole.

Alipotuona tunaitambua bamia kabla ya kuambiwa, alicheka. Wataalamu wengi wa lugha wanasema neno gumbo lenyewe limetokana na jina la bamia katika lugha za Kibantu za upande wa Angola. Lilivuka bahari pamoja na watu waliochukuliwa utumwani. Wengi waliofikishwa Louisiana enzi za Wafaransa walitoka Senegambia, na miongoni mwao walikuwamo Waislamu. Sisi tuliozaliwa kisiwa chenye soko la watumwa la Mkunazini, lililofungwa mwaka 1873, hatuwezi kulisikia hilo likapita tu. Watu wale hawakuulizwa wanakula nini. Sisi tuliulizwa, tukapikiwa mbali. Alhamdulillah, hiyo ni neema ya kushukuriwa kwa maneno na kwa vitendo.

Magharibi ilipokaribia tuliaga, maana ndani ya uwanja hatukutaka kuingia na kukosa sala katika msongamano ule. Hakuna aliyenuna. Tulifungiwa bakuli za kuondoka nazo. Kwa kuwa tulikuwa wasafiri wa siku tatu tu, tuliswali nyumbani Magharibi rakaa tatu tukaikusanya na Isha rakaa mbili. Kisha tukakaa na bibi harusi mbele ya televisheni, sisi tunamlisha gumbo kwa kijiko hina yake isichubuke, yeye anapiga kelele kila timu yake ikisogea yadi mbili. Mwali gani huyu!

Mabibi harusi, tunayaandika haya kwa ajili yenu hasa. Wengi mnakwenda kuolewa ugenini: Pemba kwenda Unguja, Unguja kwenda Muscat, wengine Ulaya na Marekani. Mtakuta sufuria za watu, ngoma zao na Jumamosi zao. Wapo wanaojifungia chumbani kwa kuogopa, wakaonekana wana kiburi. Wapo wanaonyamaza na kula kila kinachowekwa ili wapendwe, kisha moyo unawauma. Tulichokiona Baton Rouge ni njia ya tatu. Mpaka wako useme mapema, kwa upole, sahani isijakuwa mbele yako. Mwenyeji akijua mapema, anapata nafasi ya kukukirimu. Akijua wakati ameshapakua, umemuaibisha na wewe umeaibika.

Na ukishatengewa sufuria yako, kaa kitako ule. Uliza mapishi. Jifunze majina ya wachezaji. Shangilia rangi za wenyeji wako hata kama mchezo huuelewi. Mgeni anayejua lisilomfaa, na akafurahia yote mengine kwa moyo mweupe, ndiye anayealikwa tena.

Sisi tumeshaambiwa sufuria itatusubiri mwakani. Na yule mama tumemuahidi pilau ya Kiunguja siku atakapofika kwetu.

Allah awajaalie waume wema na nyumba zenye ukarimu. Amin.