Kazi ya Wiki Tatu

Huku Lusangi niliingia kazi katika kampani changa ya kusaga mawe ya zahabu. Kapita alinionyesha mashine asubuhi moja tu, akaenda zake. Wiki ya tatu mkanda ukakatika. Jioni nikaambiwa: «Kesho usirudi.» Barua hakuna, feza hakuna.

Kwa haya nilimficha bibi yangu siku mbili, nikitoka asubuhi kama mtu wa kazi.

Baadaye ndipo nilijua: Sheria ya Kazi ya 2002 inataka kufukuzwa kuandikwe na sababu itajwe. Asiye na mkataba wa karatasi anahesabiwa wa kudumu, na taarifa kwa kawaida ni siku 14 za kazi.

Kijana, omba karatasi mbele ya kugusa mashine. Na nyumbani, sema ukweli siku ileile.