Amil Shivji, Delta Yetu na Bibi

Leo tuache stori za mitihani, tuongelee sinema.

Vuta N'kuvute ya Adam Shafi wengi tuliisoma sekondari, tukakariri wahusika basi. Amil Shivji, kijana wa Dar aliyezaliwa 1990, akaitoa kitabuni akaifanya filamu mwaka 2021. Ni Zanzibar ya miaka ya 1950, Yasmin na Denge, na wanaongea Kiswahili. Ilionyeshwa tamasha la Toronto, na 2022 Tanzania ikaipeleka kugombea Oscar. Kabla yake tulishapeleka moja tu, Maangamizi, 2001.

Jamaa hakuanzia huko. Alianza na filamu fupi, Shoeshine (2013), ya dogo mpiga kiwi, halafu T-Junction (2017). Kampuni yake inaitwa Kijiweni Productions, na kweli stori zake ni za watu wa kawaida.

Sasa mie wa Kiongoroni najiuliza, delta ya Rufiji nani ataitolea filamu? Manowari ya Mjerumani, Königsberg, ilijificha kwenye mikoko yetu ikazamia humo Julai 1915. Mwaka 1976 kisa hicho kikazaa filamu, Shout at the Devil, na mastaa wake Lee Marvin na Roger Moore. Mtu wa delta utamtafuta kwa tochi.

Bibi yangu kavuka themanini, ana visa vya mto, vya mafuriko, vya mababu, na hakuna aliyevirekodi. Likizo hii napanda boti na simu yenye chaji. Shivji alianza na filamu fupi, mie naanza na bibi.

Haya wadau, na nyie mabibi wenu je?