Usilaumu Diski Mpya

Leo sikuletei mahubiri marefu. Nina ushuhuda, na sehemu kubwa yake ni aibu yangu mwenyewe. Nivumilie hadi mwisho.

Kompyuta ya ofisi ya kanisa letu ni ya mezani, tuliinunua ikiwa imeshatumika. Ndani yake kulikuwa na daftari la washirika, rekodi za sadaka na fungu la kumi, majina ya watoto tuliowaweka wakfu, na mahubiri yangu ya miaka 11. Mwaka huu ikaanza kugonga ndani: tak, tak, tak. Faili moja ikawa inachukua dakika nzima kufunguka. Mama mchungaji akaniambia, "Baba Imani, hiyo mashine ni mgonjwa." Nikasema itangoja tumalize semina. Haikungoja.

Kijana mmoja wa kwaya, aliyesomea kompyuta katika chuo cha ufundi, akajitolea. Aliitoa diski ya zamani, akaiunganisha na laptopu yake, akakesha usiku kucha akinakili faili kabla haijakata roho kabisa. Picha kadhaa za harusi zilipotea, lakini daftari na rekodi zikapona. Kisha akanunua diski mpya ya SSD ya GB 240, ile isiyo na sahani inayozunguka ndani, akaweka Windows upya, akarudisha kazi zetu zote. Ijumaa jioni ikawaka mbele ya macho yangu. Nilimshukuru Mungu, nikaizima, nikachomoa waya ukutani kama nifanyavyo kila jioni, maana stima yetu hupotea na kurudi kwa kishindo.

Jumapili asubuhi nikaiwasha nichapishe majina ya watu 14 waliokuwa wabatizwe. Kioo cheusi. Maandishi meupe yakisema hakuna diski ya kuwashia. Nikazima, nikawasha tena. Yaleyale.

Nikamwita yule kijana. Mpendwa, nilisema neno ambalo mchungaji hapaswi kulisema. Mbele ya wazee wawili wa kanisa na wanakwaya wenzake nilimwambia, "Pesa ya kanisa umenunulia takataka, na iliyobaki sijui imeenda wapi."

Alinitazama. Akasema tu, "Sawa, Pasta." Akavua joho la kwaya, akalikunja vizuri, akaliweka kitini, akaenda. Jumatano sikumwona kwenye maombi.

Alhamisi nikaibeba mashine hadi kwa fundi mjini. Alifungua ubavu wake, akabana nyaya za diski pande zote mbili. Hazikuwa zimelegea. Akawasha, akabonyeza F2 kuingia kwenye setingi za BIOS. "Ona, Pasta, diski inaonekana, jina lake na ukubwa wake. Hii diski ni nzima." Akanionyesha kwamba mashine ilikuwa imewekwa iwake kwa njia ya zamani, ilhali diski mpya ilikuwa imetayarishwa kwa njia mpya ambayo mafundi huiita UEFI. Akabadilisha setingi hiyo, akahifadhi, ikawaka mara moja.

Nikasema, "Kwa hivyo yule kijana alikosea setingi."

Fundi hakunijibu. Akazima, akachomoa waya, akamalizia chai yake, akarudisha waya na kuwasha. Kioo cheusi. Ndipo akaniuliza, "Pasta, saa ya hii mashine huwa iko sawa?"

Nilinyamaza, kwa sababu nilijua. Kwa zaidi ya mwaka mzima, kila asubuhi saa ile ilikuwa ikirudi mwaka 2012, na mashine ikiniomba nibonyeze F1 ndipo iendelee. Nilibonyeza F1. Kila siku nilibonyeza F1 nikaendelea na kazi ya Mungu. Sikumwambia mtu yeyote.

Fundi akachomoa kabetri kadogo, bapa kama sarafu, kanaitwa CR2032. Kalikuwa kamekufa. Akanieleza kwamba katika mashine kama hii, umeme ukichomolewa, kabetri hako ndiko kanakolinda saa na setingi. Kakifa, kila ukichomoa waya mashine inasahau yote iliyofundishwa na kurudi ilivyotoka kiwandani. Diski ya zamani ilikuwa inawaka kwa njia hiyohiyo ya kiwandani, ndiyo maana sikuona shida miaka yote. Yule kijana aliweka kila kitu sawasawa. Mimi nilichomoa waya, na mashine ikasahau.

Betri mpya ilinigharimu chini ya nauli ya kumfikia huyo fundi.

Mpendwa, niliketi kwenye gari nikalia. Katika Ezekieli 36:26 Mungu anaahidi kuwapa watu wake moyo mpya. Nimehubiri andiko hilo mara nyingi, na ahadi ni ya kweli. Lakini wangapi tumepokea moyo mpya siku ya wokovu, tukawaka vizuri mbele ya kanisa zima, halafu stima ikapotea kidogo tu, kazi ikaisha, mtoto akafukuzwa shule kwa karo, mtu akatukosea barabarani, na tukarudi palepale tulipotoka? Tunaanza kuuliza kama wokovu ule ulikuwa wa kweli. Ndugu yangu, moyo aliokupa Bwana hauna kasoro. Angalia betri. Angalia kile kidogo cha kila siku kinachokukumbusha wewe ni nani giza likiingia: goti la asubuhi, Neno, mtu mmoja anayeruhusiwa kukwambia ukweli. Yangu ilikuwa imekufa kitambo. Nilikuwa nabonyeza F1 na kupanda madhabahuni.

Na betri ikifa, huwa tunatafuta diski ya kulaumu. Mume anamlaumu mke, mzazi anamlaumu mtoto, mchungaji anamlaumu kijana aliyekesha bila kulipwa.

Mathayo 5:23-24 haikuniacha nilale. Jumamosi nilienda kwao. Mama yake alinifungulia mlango, akanikaribisha chai, kisha akatuacha peke yetu. Nikamwambia yule kijana, "Nimekukosea. Nisamehe." Akainamisha kichwa. Akasema, "Ile betri niliiona imechoka, Pasta. Nilikuwa nikwambie Jumapili baada ya ibada."

Sikuwa na la kusema. Nilikuwa nimemfunga mdomo kabla hajaufungua.

Na kwa kuwa nilimwaibisha mbele ya watu, Jumapili nilisimama mbele ya watu walewale na kusema wazi kwamba kila shilingi ilitumika vizuri, na kwamba aliyekosa ni mimi. Bado hajarudi kwaya. Anakuja ibadani, anakaa kiti cha nyuma. Joho lake liko ofisini kwangu, na simharakishi. Kusamehe ni kazi yake na Mungu wake. Yangu ni kungoja kwa unyenyekevu.

Sasa nikuulize, mpendwa. Ni onyo gani dogo unalolipita kila asubuhi? Na ni nani anayebeba lawama ya kitu ambacho wewe unajua kimekufa ndani yako? Usingoje Jumapili. Mpigie leo.

Tuombe. Baba, asante kwa moyo mpya ulionipa. Nisamehe kwa maonyo niliyoyapita na kwa mtu niliyemlaumu bure. Nifundishe kujichunguza kabla sijamnyooshea mwenzangu kidole. Mponye yule niliyemjeruhi, katika jina la Yesu. Amina.

Kama kuna mtu unayepaswa kumwomba msamaha wiki hii, andika AMINA hapa chini, nami nitaomba pamoja nawe. Na kama kompyuta yako inarudi mwaka wa zamani kila ukiiwasha, tafadhali, badilisha betri.