Nusu Mche wa Sabuni

Akina mama wenzetu, mkikutana na dada zenu jikoni siku ya sikukuu huwa mnazungumza nini? Sisi dada wawili tuliofuatana huanza na habari za watoto na bei ya mchele, lakini haipiti saa moja tumesharudi Tabora, kwenye nyumba za reli, tukikumbushana mambo tuliyoyaona kwa mara ya kwanza. Na kila mara tunabishana.

Kuhusu shule hatubishani. Tuliingia darasa la kwanza siku moja, Januari 1978, mmoja akiwa na miaka tisa na mwingine minane. Mpango wa elimu ya msingi kwa wote ulikuwa umeanza Novemba 1977, na watoto waliochelewa kuandikishwa tuliingizwa darasani kwa mkupuo. Mwalimu wetu alikuwa kijana aliyemaliza darasa la saba, mmoja wa wale walioitwa walimu wa UPE. Wapo wanaowacheka walimu wale. Sisi hatuwacheki, maana ndiye aliyetufundisha kusoma.

Tunachobishania ni mwaka 1981.

Mwaka huo mkubwa wetu alivunja ungo. Hakuna mtu aliyekuwa amemwambia kitu. Tulidhani ni ugonjwa, tukajificha nyuma ya bafu, mmoja akilia na mwingine akimwomba Mungu dada yake asife. Mama alitukuta pale. Hakuuliza neno, akaingia ndani. Jioni tulikuta kitandani kwetu vipande vya khanga kuukuu vimekunjwa vizuri, na juu yake nusu mche wa sabuni.

Wasomaji vijana hawana budi kuelezwa sabuni ilikuwa kitu gani wakati ule. Vita ya Kagera ilikuwa imekwisha mwaka 1979, na katika miaka iliyofuata sukari, sabuni na nguo viliadimika kabisa. Mtu aliweza kupanga foleni tangu alfajiri na kurudi mikono mitupu. Tulifulia majani ya mpapai. Kumbe mama alikuwa na mche mzima, ameuficha tusikokujua, na baba mwenyewe alikuwa akioga maji matupu! Sabuni ile aliitoa bila kusita. Maneno ndiyo hakuyatoa.

Shule zilipofungwa Desemba tuliambiwa tunakwenda kumsalimu bibi, huko Lushoto. Baba alikuwa karani wa stesheni, hivyo tulipata nafasi daraja la tatu chini ya uangalizi wa mke wa jirani. Hatukuwa tumepanda treni hata siku moja, ingawa tulizaliwa tukisikia honi yake! Hatukulala usiku ule. Kulipokucha tulikula kuku wa Saranda, aliyeuzwa dirishani akiwa bado wa moto, na hadi leo tunaamini hakuna kuku aliyemshinda. Kisha treni ikaanza kuteremka ukuta wa Bonde la Ufa, polepole, behewa zikilia, na chini yetu nchi imetandazwa kama mkeka. Mdogo alishika gauni la dada yake na hakuliachia mpaka Dodoma. Tulishuka Morogoro, tukapanda basi hadi Mombo, halafu tukaanza kukwea milima kupitia Soni. Huko tulionja ukungu, baridi na plamsi, vyote kwa mara ya kwanza katika siku moja.

Bibi alitupokea kwa vigelegele. Usiku wa tatu alifunga mlango wa jikoni, akasogeza vijinga vya moto, akaanza kusema. Alisema kwa muda mrefu, kwa sauti ya chini, na kwa Kisambaa. Shida ilikuwa hapo. Sisi tulikulia Tabora, tukijua Kiswahili na Kinyamwezi cha kuchezea, na Kisambaa tulichokijua kilikuwa cha salamu na cha kuitia kuku. Alipoona tumetoa macho, bibi alirudia kwa mikono. Alionyesha mwezi unavyokua na kupungua. Alionyesha mtoto anavyobebwa. Alimwonyesha mvulana anayekuja na zawadi ya pipi, akaigiza msichana anayemgeuzia mgongo, tukacheka mpaka machozi yakatoka, naye akacheka. Mengine tulikuja kuyaelewa baadaye sana, lakini tulitoka jikoni tukijua kwamba hatukuwa wagonjwa.

Sasa ubishi wenyewe ni huu. Mdogo wetu husema mama alitukimbia, kwamba aliona afadhali kutupandisha treni usiku kucha kuliko kukaa nasi dakika kumi. Mkubwa husema la, mama alitupeleka kwa mwenye haki ya kusema. Tumebishana hivyo tangu tukiwa wasichana, kupitia vyuo vyetu, ualimu kwa mmoja na uuguzi kwa mwingine, na kupitia mishahara yetu ya kwanza, ambayo yote ilimwishia mama kwa doti za khanga.

Mwaka 1993 mkubwa wetu alijifungua mtoto wa kwanza, wa kike, na mama akaja kumtunza mzazi. Tulikuwa sote wawili nyumbani. Siku moja, akimkanda dada kwa maji ya moto, mdogo alimuuliza waziwazi: “Mama, kwa nini siku ile hukusema?”

Mama aliendelea kukanda. Kisha akasema, “Mwanangu, mimi sikuambiwa na mama yangu. Niliambiwa na bibi. Kwetu mama aliyekuzaa hawezi kukuambia mambo hayo, ni aibu kwako na kwake. Sasa baba yenu alihamishiwa Tabora, bibi kabaki milimani, shangazi kabaki milimani. Ningemwita nani? Nilitafuta kinywa siku ile, sikukipata. Nilichokuwa nacho ni sabuni.”

Mdogo wetu hakujibu. Alichukua kitambaa kingine, akakichovya kwenye maji, akaanza kukanda mguu wa pili.

Mtoto yule alifikia umri wake mwaka 2006. Siku hizo masomo ya namna hiyo yalikuwa yanafundishwa shuleni, na pedi zinauzwa madukani, kwa mwenye fedha. Mama yake, tena muuguzi, alikuwa amekwisha kumweleza mapema, na vitabu alimpa. Lakini bibi yake aliposikia alifunga safari na kuja. Alifika na pakiti ya pedi na mche mzima wa sabuni, akaomba chumba, akamwita mjukuu wake, akafunga mlango.

Tulibaki sebuleni sisi wawili. Huyu ndiye mama aliyekosa kinywa! Tulimsikia akisema bila kupumzika, kwa Kiswahili safi ili mtoto asikose hata neno, na kila baada ya muda wote wawili wanaangua kicheko. Mdogo wetu alisogea mlangoni kusikiliza.

“Ondokeni hapo,” mama alisema kutoka ndani. “Haya si yenu.”