Sauti ya mjomba yarejea hewani

Mpangaji yeyote wa Nairobi anajua kwamba mwenye nyumba anaweza kuvumilia mengi, lakini si mtu anayetaka kutandaza waya wa mita kumi juu ya paa. Mjomba wangu alilijua hilo miguu ilipoanza kumsumbua, akalazimika kuhama shamba lake huko Kinangop na kuja kuishi na bintiye mtaani Umoja.

Mjomba ni mwanaredio wa ridhaa. Hawa ni watu wenye leseni ya kurusha mawimbi na kuzungumza na wenzao kote duniani kwa mapenzi tu, si kwa biashara. Hapa Kenya leseni hiyo hutolewa na Mamlaka ya Mawasiliano, na majina yao ya hewani aghalabu huanza na 5Z4. Kwa miaka mingi alizoea kusalimiana kila asubuhi na marafiki ambao wengi wao hajawahi kuwatia machoni.

Mjini alinyamaza. Hata alipojaribu kusikiliza tu, chaja za simu, taa za LED na televisheni za majirani ziliijaza redio mikwaruzo. Sisi jamaa zake tuliona jinsi kimya hicho kilivyomzeesha kuliko hiyo miguu.

Dawa ilitoka kwa wanaredio wenzake. Walimshauri aache redio na antena shambani, chini ya uangalizi wa binamu yangu, na kuunganisha redio hiyo na kompyuta ndogo iliyo kwenye intaneti. Leo mjomba akizungumza Umoja, sauti yake husafiri kwanza hadi Kinangop, ndipo mtambo huirusha hewani. Majibu hurudi kwa njia iyo hiyo, yakichelewa kidogo tu, chini ya sekunde moja.

Nilimuuliza: ikiwa sauti inapitia intaneti, si afadhali apige simu tu? Alicheka. Akaniambia kwamba intaneti ni ngazi ya kumfikisha kwenye redio yake. Kutoka Kinangop hadi Ulaya hakuna waya wala kampuni katikati. Mawimbi hupaa, yakarudishwa chini na tabaka la ionosfia, na siku nyingine hayafiki kabisa. Raha yenyewe imo katika kubahatisha huko.

Mambo hayakunyooka mara moja. Kila alipobonyeza kitufe ili aseme, intaneti ya shambani ilikatika. Rafiki mmoja wa hewani aliutambua ugonjwa huo papo hapo: mawimbi ya mtambo yalikuwa yakiingia kwenye nyaya za intaneti. Alimwagiza azungushe nyaya hizo mara kadhaa ndani ya pete ya feraiti, ile pete nyeusi ambayo mafundi hutumia kuzuia mawimbi yasiyotakiwa. Binamu akafanya hivyo, na maradhi yakakoma. Wahenga hawakukosea waliponena kwamba kidole kimoja hakivunji chawa.

Hata hivyo, jambo ambalo wenzake walilisisitiza zaidi ni kuzima. Mtambo ulio mbali ukikwama ukiendelea kurusha, huwazibia wengine njia na unaweza kuungua bila mtu kujua. Kwa hivyo waliweka kinga tatu. Ya kwanza hukata urushaji mara intaneti inapopotea. Ya pili huukata ukizidi dakika chache. Ya tatu ni swichi ya umeme inayoendeshwa kwa laini tofauti ya simu. Juu ya hayo, binamu huchomoa waya wa antena mawingu ya radi yanapotanda.

Wewe mwanafunzi unayevutiwa na mambo haya, anza kwa kusikiliza. Chuo Kikuu cha Twente nchini Uholanzi kilifungua redio yake kwa wasikilizaji wa intaneti mwaka wa 2008. Ukiwa na kompyuta unaweza kuizungusha mwenyewe na kuwasikia wanaredio wakiitana. Kusikiliza huko hakuhitaji leseni. Kurusha ndiko kunakoihitaji.

Siku hizi vijana humwendea mjomba wakitaka kujua jinsi ya kuendesha stesheni kutoka mbali. Huwapokea kwa chai, akawaeleza yote aliyofunzwa na wenzake bila kuficha lolote. Lakini hamwonyeshi mtu namna ya kuwasha kabla hajamwona akizima.