Tulimlaumu mtoto, kosa likawa letu

Juma hili hatuandiki juu ya uji wa watoto wala juu ya likelemba. Tunaandika juu ya ordinatere ya chama, kwa sababu wengi mmeuliza imekuwaje, na kwa sababu kuna mtu tulimkosea.

Mnajua mashine ile tuliinunua okazyo, kwa makuta ya kila mama. Siku ya posho, binti wa mwenzetu mmoja alikuwa akiandika majina ya watoto wa mwaka wa sita. Sisi wakubwa tulikuwa nje tukipukusa mahindi. Mara tukasikia mlio mdogo, harufu ya kuungua ikatoka, kioo kikawa cheusi. Tukaingia kwa kelele: “Umegusa nini?” Akajibu hakugusa kitu. Hatukumwamini. Kesho yake hakuja, na kesho kutwa pia hakuja.

Jirani mmoja akatuambia mashine imekufa kabisa, yeye atatupa dola 25 aichukue. Tulikaribia kukubali. Mama mmoja mzee ndiye aliyetuzuia: “Mgonjwa hazikwi mbele ya kupimwa.” Tukaifunga kwa blanketi, tukapanda nayo gari mpaka Lubumbashi.

Fundi akatutolea sanduku dogo la chuma lililo nyuma ya mashine, pale unapoingia waya wa ukutani. Wao wanaliita alimantasyo. Kazi yake ni kupokea umeme wa volti 220 na kuugeuza kuwa mdogo, wa volti 12, 5 na 3.3, ule ambao mashine inaweza kula. Akaunganisha waya wa kijani na mweusi kwa kipande cha waya, apate kuona kama feni itazunguka. Haikuzunguka. Akaweka alimantasyo nyingine ya kujaribu, na mashine ikawaka. Majina ya watoto wote yalikuwa mle ndani, salama.

Tukamwuliza kama binti aliharibu. Akatuonyesha kitufe chekundu kilichoandikwa 115 na 230. Kingekuwa kwenye 115, umeme wetu ungeiunguza mara moja. Kilikuwa kwenye 230, mahali pake. Kisha akatuuliza umeme tunautoa wapi. Tukasema: kwa grupe ya jirani, ile inayoendesha pia kinu cha unga. Akatikisa kichwa. Kinu kikizimwa ghafula, umeme wa grupe unaweza kuruka juu, na sisi tulichomeka mashine moja kwa moja. Tulikuwa tumekataa kununua stabilizatere ili tuhifadhi makuta. Basi kosa lilikuwa la nani?

Kwa wamama wenye mashine nyumbani, haya ndiyo tuliyojifunza kuhusu kununua alimantasyo nyingine. Kwanza, beba ile ya zamani dukani, kwa maana mashine za aina fulani zina umbo lao na vichwa vya waya vyao, na nyingine haiingii. Pili, usidanganywe na namba kubwa ya wati iliyo juu ya kartoni. Soma karatasi iliyobandikwa kwenye sanduku, mstari wa volti 12. Ukiona ampea 18, zidisha mara 12: ni wati 216. Kwa mashine ya kuandika tu, hiyo inatosha. Tatu, ipime mkononi. Ile nyepesi kama kopo tupu, iache. Nne, kamwe usifungue sanduku hilo wewe mwenyewe, hata waya ukiwa umechomolewa, kwa maana umeme unabaki ndani na unaweza kukurusha.

Tulilipa dola 20 kwa alimantasyo, tukaongeza za stabilizatere. Sasa tunawasha mashine kinu kikiwa kimenyamaza.

Tuliporudi Kasomeno, tulikwenda kwanza kwa mama wa binti yule, kabla hata ya kufungua blanketi. Tulimwomba mtoto msamaha mbele ya mama yake. Ilikuwa vigumu, hasa kwa sisi walimu, tunaowaambia watoto kila siku wasiseme jambo bila kuhakikisha. Alinyamaza kidogo, akatazama chini. Kisha akauliza: “Majina yangu yamebaki?”

Yamebaki, tukamwambia. Juma hili ni yeye aliyeandika kwa mashine karatasi hii mnayosoma.